ASILI YA NENO "SHULE": KUTOKA "SCHOLA" YA KILATINI HADI TANGA

Katika mji wa Tanga mtoto huenda shule. Katika kisiwa cha Pemba, ng'ambo ya mkondo wa bahari wenye upana wa kilomita zipatazo 50 tu, mtoto wa umri uleule huenda skuli. Lugha ya pande hizi mbili ni moja. Wavuvi wake huelewana bila ya mkalimani, watu wake huoana, na bidhaa zao zimevuka mkondo huo kwa majahazi tangu zamani. Kwa nini basi jambo moja likawa na majina mawili? Na majina hayo yana uhusiano gani na neno la Kiingereza "school"?

Jibu linalotolewa na wanafunzi wengi ni jepesi. Husema kwamba "shule" na "skuli" yote mawili yametokana na Kiingereza, na kwamba "shule" ni matamshi yaliyopotoka ya "school". Jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ni kosa. Kosa lenyewe si dogo, kwa kuwa linajenga dhana kwamba kila neno la kisasa lililomo katika Kiswahili ni lazima liwe limeletwa na Mwingereza. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi elimu ya lugha inavyoweza kupambanua kweli na dhana katika jambo hili, kwa ushahidi unaoweza kukaguliwa na mwalimu na mwanafunzi yeyote.

Elimu ya asili ya maneno

Tawi la isimu linalochunguza asili ya maneno huitwa etimolojia. Watu wengi hudhani kwamba kazi yake ni kutafuta maneno yanayofanana na kuyaunganisha. Lakini kufanana peke yake si ushahidi. Kiingereza chenyewe kinatoa mfano mzuri, ambao watu wa pwani watauelewa upesi. Mwingereza huliita kundi la samaki waendao pamoja "school", neno lile lile kwa sauti na kwa maandishi kama lile la mahali pa kusomea. Anayetegemea kufanana atasema kwamba samaki hao wameitwa hivyo kwa sababu hufuatana kama wanafunzi. Si kweli. "School" ya samaki imetoka katika Kiholanzi, nayo ni neno la asili la jamii ya lugha za Kijerumani lenye maana ya kundi. "School" ya wanafunzi imetoka katika Kilatini. Maneno haya mawili yamekutana njiani tu, wala hayana udugu.

Kwa hiyo mchunguzi wa asili ya maneno huwaita mashahidi watatu. Shahidi wa kwanza ni sauti: je, sauti za neno zinafuata kanuni za kawaida za lugha iliyotoa na za lugha iliyopokea? Shahidi wa pili ni maana: je, maana ya sasa inaweza kuelezwa kutokana na ile ya zamani, hatua kwa hatua? Shahidi wa tatu ni historia: je, watu wa lugha hizo walikutana, wapi na lini? Mashahidi hao wanapokubaliana, jibu linaweza kuaminiwa. Mmoja anapopinga, uchunguzi hauna budi kuanzwa upya.

Kutoka Athene hadi Roma

Chanzo cha mbali cha neno linalochunguzwa ni Uyunani ya kale. Wayunani walikuwa na neno "skhole", lililokuwa na maana ya faragha au wakati wa mapumziko, yaani wakati ambao mtu hakulazimika kufanya kazi. Jambo hili huwashangaza wanafunzi, lakini hatua zake zinafuatika. Katika jamii iliyotegemea sana kazi za watumwa, wale waliokuwa na nafasi waliitumia kwa mazungumzo ya hekima. Baadaye neno likawa na maana ya mazungumzo hayo yenyewe, kisha mafundisho ya mwalimu mbele ya wasikilizaji, na mwisho mahali palipotolewa mafundisho hayo.

Warumi walilichukua neno hili kutoka kwa Wayunani wakaliandika "schola". Hapa pafaa kukumbukwa kwamba Warumi walikuwa na neno lao wenyewe la mahali pa kuwafundishia watoto, nalo ni "ludus", ambalo maana yake nyingine ni mchezo. Hata hivyo hawakuona haya kukopa. Neno la kigeni ndilo lililodumu, likaenea pamoja na Kilatini katika nchi nyingi za Ulaya.

Katika kila nchi sauti za "schola" zilifuata njia ya wenyeji. Wahispania na Wareno hawakupenda kuanza neno kwa sauti "sk", wakaitangulizia irabu: Wahispania husema "escuela", na Wareno "escola". Wafaransa nao walisema "escole", kisha sauti "s" ikadondoka, wakabaki na "école". Waitalia husema "scuola". Macho ya haraka hayaoni udugu kati ya "école" na "schola", lakini kanuni za sauti zinauthibitisha.

Ndugu wawili wa kaskazini

Kiingereza na Kijerumani si lugha zilizozaliwa na Kilatini. Ni lugha za jamii nyingine, zilizolikopa neno hili kwa njia ya Ukristo na elimu ya mapadre. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "scol", na katika Kijerumani cha kale "scuola". Herufi "h" iliyomo katika "school" ya leo haikuwamo hapo mwanzo. Iliingizwa baadaye na waandishi waliotaka neno lifanane na la Kilatini.

Baada ya hapo ndugu hawa wawili waliachana. Katika Kijerumani, sauti "sk" ya mwanzo wa maneno ilibadilika kwa kawaida ikawa "sh", ambayo Wajerumani huiandika kwa herufi tatu, "sch". Kwa hiyo "scuola" ya kale ikawa "Schule", na hutamkwa kwa "sh" ya kwanza, "u" ndefu, na irabu hafifu ya mwisho iliyo karibu na "e". Kiingereza nacho kilipitia badiliko kama hilo katika maneno yake ya asili: samaki ni "Fisch" kwa Kijerumani na "fish" kwa Kiingereza, merikebu ni "Schiff" kwa Kijerumani na "ship" kwa Kiingereza. Kwa kanuni hiyo ingetazamiwa Mwingereza naye awe na neno linaloanza kwa "sh". Lakini neno hili lilibaki karibu na Kilatini, midomoni mwa watu waliokisoma kila siku, likashika "sk" yake hadi leo.

Ushahidi wa sauti

Sasa swali la Tanga laweza kuulizwa kwa usahihi: je, "shule" imetokana na "school" au na "Schule"?

Kiswahili kimekopa maneno mengi ya Kiingereza yaanzayo kwa "sk". Mwanafunzi anaweza kuyakusanya mwenyewe: "skirt" imekuwa sketi, "scout" imekuwa skauti, "scarf" imekuwa skafu, na "screw" imekuwa skrubu au skurubu. Katika maneno yote hayo "k" imebaki. Hakuna hata moja ambalo "sk" yake imegeuka "sh". Lugha nyingine za Kibantu zilizolichukua neno "school" nazo zimeihifadhi "k": Kichewa kina "sukulu", na Kizulu kina "isikole".

Tena, maneno ya Kiingereza yaishiayo kwa "l" huongezewa irabu "i" katika Kiswahili. "Hotel" imekuwa hoteli, "petrol" imekuwa petroli, "bill" imekuwa bili, na "goal" imekuwa goli. Kwa kanuni hizi mbili, "school" ya Kiingereza hutazamiwa kutoa "skuli", na ndivyo hasa isemwavyo Unguja na Pemba. Haiwezi kutoa "shule" bila ya kuvunja kanuni mbili kwa wakati mmoja, ile ya mwanzo wa neno na ile ya mwisho wake.

Kwa upande mwingine, "Schule" ya Kijerumani inaingia katika Kiswahili bila ya shida yoyote. Sauti "sh" imo katika Kiswahili tangu zamani. Hakuna konsonanti mbili zinazogongana. Na neno lina irabu mwishoni, kama yalivyo maneno ya Kibantu. Ushahidi huu unaongezewa nguvu na mkopo mwingine wa Kijerumani, yaani "hela". Neno hili ni "Heller", jina la sarafu ndogo iliyotolewa na serikali ya Wajerumani katika Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1904, ambapo heller 100 zilikuwa sawa na rupia moja. Mwisho wa "Heller" hutamkwa kwa irabu iliyo karibu na "a", na Kiswahili kikasema hela. Mwisho wa "Schule" hutamkwa kwa irabu iliyo karibu na "e", na Kiswahili kikasema shule. Masikio ya watu wa pwani yalikuwa makini.

Ushahidi wa historia

Shahidi wa tatu anathibitisha maneno ya yule wa kwanza. Kwa mapatano ya mwaka 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani, mstari wa mpaka ulichorwa kuanzia pwani, karibu na mlango wa Mto Umba, kuelekea Ziwa Viktoria. Tanga na Pangani zikawa kusini mwa mstari huo, upande wa Wajerumani. Utawala wao haukukubaliwa kwa hiari. Vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim vilianzia Pangani mwaka 1888, naye akanyongwa katika mji huohuo mwezi Desemba 1889. Mwaka 1890 Unguja na Pemba zikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Hivyo mkondo wa Pemba, ambao kwa wavuvi ulikuwa njia, ukawa mpaka wa madola mawili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 serikali ya Wajerumani ilifungua shule Tanga, ya kwanza miongoni mwa shule zake katika nchi hii. Masomo yalitolewa kwa Kiswahili, kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu zilizotumika pwani kwa karne nyingi. Vijana waliotoka humo walikuwa makarani, wakalimani, walimu na maakida, wakapelekwa sehemu mbalimbali za bara. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 ilianza kutolewa hapo Tanga "Kiongozi", gazeti la Kiswahili lililoendelea hadi mwaka 1916. Kwa njia hiyo neno la Tanga lilipata walimu wa kulitangaza na maandishi ya kulichukua.

Ni lazima ielezwe kwamba watu wa Tanga hawakukosa neno la mahali pa kusomea. Walikuwa nalo, yaani "chuo". Zamani chuo kilikuwa ni kitabu, na "chuoni" palikuwa ndipo watoto walipofundishwa kusoma Kurani. Ndiyo sababu mtu mwenye elimu kubwa ya dini huitwa mwanachuoni. Lakini jengo jipya la serikali halikuwa chuo kwa maana hiyo. Halikufundisha dini, na aliyelisimamia hakuwa shehe. Jambo jipya lilihitaji jina jipya, na jina lililokuwa karibu ni lile lililotumiwa na wenye jengo lenyewe.

Majeshi ya Uingereza yalishindwa katika mapigano ya Tanga mwezi Novemba 1914, lakini yaliuteka mji mwezi Julai 1916. Wajerumani wakaondoka, hela zao zikaacha kuwa fedha halali, na Kiingereza kikawa lugha ya serikali. Hata hivyo neno "shule" halikuondoka. Lilikuwa limekwisha kuwa mali ya wasemaji.

Ramani ya neno

Mipaka ya neno hili inaonyesha historia yake kama vile ukungu wa chumvi unavyoonyesha mahali maji yalipofika. Tanzania Bara ni shule. Unguja na Pemba ni skuli. Mbali kabisa na bahari, Kinyarwanda kina "ishuri". Rwanda nayo ilikuwa chini ya Wajerumani hadi mwaka 1916, na "ishuri", iwe ilipita katika Kiswahili au la, inarudi kwenye "Schule".

Lakini maneno hayatembei kwa amri ya watawala tu. Leo "shule" ni neno la kawaida nchini Kenya pia, nchi ambayo haikuwa sehemu ya koloni hilo. Mwaka 1930 ilianza kazi kamati ya lugha iliyoziunganisha Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja kwa shabaha ya kusanifisha Kiswahili, na vitabu vya Kiswahili sanifu vikatumika nchi hizo zote. Neno lililoanza kwa dola likaendelezwa na vitabu.

Tahadhari: mfano wa reli

Msomaji asije akadhani kwamba historia peke yake yatosha kueleza asili ya neno. Mfano wa kumwonya uko Tanga kwenyewe. Wajerumani ndio walioanza kujenga njia ya garimoshi ya Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Anayetegemea historia tu atasema kwamba neno "reli" nalo ni la Kijerumani. Sauti zinakataa. Chuma hicho kwa Kijerumani huitwa "Schiene", na njia yenyewe "Eisenbahn". "Reli" ni "rail" ya Kiingereza, pamoja na "i" ya mwisho kama ile ya hoteli na goli. Vyuma ni vya Mjerumani, jina ni la Mwingereza.

"Rail" nayo si ya Mwingereza tangu asili. Ilipita katika Kifaransa cha kale kutoka neno la Kilatini "regula", yaani kijiti kilichonyooka cha kupimia au kuongozea. Neno hilohilo la Kilatini, kwa njia nyingine, limetoa "ruler" ya Kiingereza, ambayo Kiswahili kimeifanya "rula". Kwa hiyo rula iliyomo katika mkoba wa mwanafunzi na reli inayopita karibu na nyumba yake ni ndugu, kama walivyo shule na skuli.

Mfano wa tatu ni karatasi, karata na kadi. Karatasi ilipitia Kiarabu. Karata ilipitia Kireno, na kabla yake Kilatini. Kadi ilipitia Kiingereza. Yote matatu yanarudi kwenye neno moja la Kiyunani la kitu cha kuandikia kilichotengenezwa kwa mafunjo.

Neno la mkopo ni la nani?

Wako wanaosikitika wanaposikia kwamba neno wanalolitumia kila siku ni la kukopa, nao hukumbusha methali isemayo kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali ni kweli kwa nguo, lakini haifai kwa maneno. Aliyeazima nguo lazima airudishe, na aliyeazimisha hubaki bila ya nguo hiyo. Neno likikopwa, mwenyewe habaki bila nalo, na mkopaji harudishi. Mjerumani bado ana "Schule" yake, na Mswahili ana shule yake.

Tena neno la mkopo hutawaliwa na sarufi ya mwenye nyumba. Kiswahili kimelipa neno hili kiambishi "-ni", na watu wakasema shuleni, kama wasemavyo nyumbani na shambani. Kimelitia katika ngeli yake, na watu wakasema shule hii na shule hizi. Wingi wake katika Kijerumani ni "Schulen", lakini Mswahili hauhitaji. Neno linalotii sarufi ya lugha fulani ni neno la lugha hiyo, hata likizaliwa Athene.

Jambo hili lina maana kubwa kwa kazi ya kuunda istilahi za sayansi, ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limekuwa likiishughulikia. Katika jambo moja tu la elimu, lugha za Afrika Mashariki zimetumia njia tatu. Njia ya kwanza ni kukopa: shule, skuli. Ya pili ni kupanua maana ya neno la zamani: chuo kilichokuwa kitabu kimepanda kikawa chuo kikuu. Ya tatu ni kunyambua kutoka katika mzizi wa wenyeji: Waganda husema "essomero", yaani mahali pa kusomea. Hakuna njia iliyo ya aibu na nyingine iliyo ya heshima. Linalotakiwa ni kwamba neno litamkike, litii sarufi, na lieleweke.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Tanga anayeulizwa kama "shule" imetokana na "school" ajibu kwamba sivyo. "Shule" na "school" ni ndugu: mama yao mkubwa ni "schola" ya Kilatini, na bibi yao ni "skhole" ya Kiyunani. "Shule" ilifika Tanga kwa njia ya Kijerumani, na "skuli" ilifika visiwani kwa njia ya Kiingereza. Kiingereza katika habari hii si mzazi. Ni mkopaji mwenzetu aliyetangulia kukopa.

Zoezi kwa madarasa

1. Wanafunzi wakusanye maneno kumi ya vyombo vya nyumbani na vya darasani. Waonyeshe ni yapi yanayotii kanuni za sauti za mikopo ya Kiingereza zilizoelezwa hapo juu, na ni yapi yasiyozitii.

2. Neno "meza" ni "mesa" kwa Kireno na "table" kwa Kiingereza. Waeleze ni lugha ipi iliyolitoa, na wataje shahidi wa sauti na shahidi wa historia.

3. Wawaulize wazee wa mtaa au kijiji maana ya "chuo" na "chuoni" katika utoto wao. Walinganishe majibu hayo na maana ya leo, kisha waeleze neno hilo limepanuka kwa hatua zipi.